Volveré ya Zuwena

Jirani yangu mpya hukaanga kahawa asubuhi, na moshi wake huvuka ukuta bila kupiga hodi. Juzi aliuachia moto kidogo, buni zikatoa ile harufu ya kukaribia kuungua, iliki ikafuata nyuma yake, nami nikajikuta nimesimama uani na ufagio mkononi, nikisema kwa sauti: volveré, volverás, volverá. Msichana anayenisaidia kazi akaacha vyombo. "Bibi, hiyo ni dua?" akauliza. Nikamwambia ni Kihispania. Alinitazama kwa ile huruma wanayotazamwa nayo wazee walioanza kupotea, kisha akarudi kwenye vyombo vyake.

Sikumlaumu. Nilipokuwa mdogo kuliko yeye nami niliamini ni dua, tena dua nzito, na imani hiyo nusura imgharimu dada yangu maisha yake yote.

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka Tabora ya wakati ule. Maduka ya wazee wetu yalikuwa na rafu ndefu na bidhaa chache, duka la ushirika lilikuwa na bidhaa chache zaidi na foleni ndefu, na redio ilituamsha kwa habari za vijiji vipya na jembe. Nyumba yetu ilikuwa Mtendeni, na mlango wake mzito wa mbao tuliambiwa ulifika na babu wa babu enzi za misafara. Kila familia ya Kiarabu pale mjini ilikuwa na kitu kilichofika na misafara, na sisi tulikuwa na mlango. Ndani tuliishi Baba, Mama, Bibi mzaa Baba, dada yangu Zuwena na mimi. Ami Nassor, mdogo wake Baba, alikuwa ameondoka.

Aliondoka baada ya nyumba zake mbili za kupangisha kutaifishwa. Alipanda treni kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko akaenda Maskati, akisema atarudi baada ya Idi. Idi ilikuja, ikaja nyingine, zikaja nyingi. Jina lake likawa halitamkwi ovyo nyumbani. Kwa Bibi lilikuwa kidonda. Kwa Baba lilikuwa hofu, maana mtu mwenye ndugu Arabuni aliulizwa na majirani, kwa tabasamu lisilo zuri, kama na yeye ameshaanza kufunga masanduku.

Bibi alikuwa na maelezo yake kuhusu Ami Nassor, na alitupatia sisi watoto kama mtu anavyotoa dawa: aliondoka bila kusema inshallah. Alisema "nitarudi" akaishia hapo, akaliacha neno likining'inia. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyesema atafanya jambo kesho bila kulifunga. Aliyesahau, aliye karibu yake alimmalizia. Mama akisema, "Nitakwenda sokoni," mimi nadakia, "Inshallah," na Bibi ananipa tende kutoka kwenye kopo lake. Nilikuwa hodari sana katika kazi hiyo. Nilimalizia watu wa nyumbani, nikamalizia wageni, nikammalizia hata mtangazaji wa redio aliposema mvua itanyesha.

Zuwena alikuwa amemaliza kidato cha sita, na masomo ya sayansi aliyapenda kama wenzake walivyopenda vitambaa. Akaanza kwenda hospitali kusaidia wauguzi wakati akisubiri kujua mustakabali wake, na huko akakutana na Daktari Marta. Huyu alikuwa mmoja wa madaktari waliotumwa kutoka Kuba, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, aliyetembea kwa haraka hivi kwamba wagonjwa walimwita Daktari Upepo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Zuwena akawa anamsaidia kwa wagonjwa, na yeye akawa anamfundisha Kihispania, kwa sababu kulikuwa na nafasi za kwenda kusomea udaktari kwao, na mmoja wa watakaowasaili waombaji alikuwa yeye mwenyewe.

Somo lililoteka nyumba yetu lilikuwa kitenzi kimoja, volver, kurudi, katika wakati ujao. Daktari Marta alikitumia kutwa nzima. Kila mgonjwa aliambiwa atarudi Jumatatu, atarudi baada ya kumaliza vidonge, atarudi na mtoto. "Volverá el lunes," anasema yeye, na Zuwena anafasiri, "Utarudi Jumatatu," na mgonjwa anajibu, "Inshallah." Siku moja daktari akamuuliza Zuwena maana ya neno hilo: ni ndiyo au ni hapana? Zuwena akamjibu kwamba inategemea mtu. Alitusimulia tukacheka sote, isipokuwa Bibi.

Zuwena alinieleza namna kinavyokwenda, maana hakuwa na mwanafunzi mwingine. Sisi, alisema, tunauweka wakati ujao katikati ya neno, ni-ta-rudi. Wao wanauweka mkiani. Unalichukua volver lote kama lilivyo, hulikati, unalifunga mkia tu: volveré, nitarudi, volverás, utarudi, volverá, atarudi, au utarudi kwa mtu unayemheshimu, volveremos, tutarudi, volverán, watarudi. Kitabuni kulikuwa na mkia mwingine, volveréis, lakini Daktari Marta alikuwa ameupiga mstari kwa kalamu, akasema kwao hakuna anayezungumza hivyo. Kisha wakatunga sentensi. Kesho nitarudi sokoni. Mama atarudi saa tisa. Mvua zitarudi.

Alijifunza akitwanga kahawa. Buni ziko kinuni, mchi unapanda na kushuka, na kila pigo lina neno lake. Akimaliza watarudi anaanza tena na nitarudi. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na Bibi, ambaye muda huo huo alikuwa anavuta uradi, tasbihi inapita vidoleni punje moja moja, midomo inacheza. Niliwatazama wawili hao na sikuona tofauti. Wote walirudiarudia maneno nisiyoyaelewa vizuri, wote walifumba macho wakifika mbali. Bibi alikuwa amenifundisha kwamba uradi huvuta jambo likaja. Nikaamua basi kwamba Zuwena anavuta safari, na anavuta pia kurudi kwake, na kwamba kasoro ilikuwa moja: hakuna hata pigo moja la mchi lililofungwa kwa inshallah. Nikaanza kumalizia. Volveré, inshallah. Volverás, inshallah. Alinivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili alinirushia kipande cha mkaa.

"Nasra, haya ni masomo," akaniambia. "Sisafiri na hili neno. Nalinyoosha tu mdomoni."

Bibi aliusikia mchi ukisema nitarudi, nitarudi, bila Mungu ndani yake, na uso wake ukawa unakunjamana kidogo kila siku. Hatimaye akamwita Baba. Nilikuwa hapo, nikijifanya nachambua mchele. Alimwambia hana neno na masomo, hana neno na Kuba, ingawa hakujua iko upande gani. Lakini mtoto huyo hatatoka mlango ule kama alivyotoka mwenzake. Baba akainama. Yeye alikuwa mtu wa kumsikiliza mama yake, na alishatuambia wazi kwamba bila radhi ya Bibi hakuna atakayesafiri kutoka nyumba ile, si Kuba, si Nzega.

"Huko kwenye usaili watamuuliza kama atarudi," Bibi akasema. "Ajibu kama alivyofunzwa hapa. Na huyu mdogo ataenda naye. Yeye ndiye masikio yangu."

Haikuwa ajabu mimi kwenda. Msichana wa kwetu hakuingia ofisi yenye wanaume peke yake, alifuatana na mtoto. Lakini asubuhi ya usaili Baba alimvuta Zuwena kando ya karai la kufulia, nami nilikuwa nyuma ya shuka zilizoanikwa. Alikuwa amepenyezewa habari na rafiki yake. Mwenyekiti wa kamati ya usaili hataki kabisa kusikia inshallah. Alishamkataa kijana mmoja kwa sababu hiyo, akisema watu wa mjini hulitumia neno hilo kujifichia mlango wa nyuma. "Jibu mkato," Baba akasema. "Nitarudi, basi. Na habari za ami yako, wasipouliza, usizitaje." Zuwena akauliza, "Na Bibi je?" Baba alisukuma maji kwa mguu yakaingia mferejini, akaenda dukani.

Tukatoka. Zuwena alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Nilijua anawaza nini, maana na mimi niliwaza hilo hilo kwa upande wangu. Akisema inshallah, kamati inamkataa. Asiposema, Bibi anamkataa. Na atakayepeleka habari kwa Bibi ni mimi. Nilitamani nishikwe na homa njiani.

Chumba kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Mwenyekiti alikaa katikati, mtu mrefu wa kutoka upande wa Igunga, mwenye miwani na sauti ya taratibu iliyotisha kuliko makelele. Kushoto kwake alikuwapo karani, kulia Daktari Marta, ambaye hakutuchekea kama siku zote. Mimi nilikalishwa kwenye benchi ukutani.

Maswali ya sayansi yalipita. Kihispania kikapita pia. Daktari Marta aliuliza, Zuwena akajibu, na kila nilipousikia ule mkia wa wakati ujao nilijivuna moyoni kama vile mimi ndiye niliyemfundisha. Kisha mwenyekiti akavua miwani.

"Ndugu Zuwena," akasema. "Anayekusomesha ni mkulima. Ni mama wa kijijini Choma anayepalilia pamba na mtoto mgongoni. Huyo mama akiumwa, nataka akukute wewe hospitali. Sasa nakuuliza, na hapa hatutaki inshallah wala maneno ya kuzungusha. Ukishakuwa daktari, utarudi?"

Zuwena alinitupia jicho. Lilikuwa la kuomba, na mimi nikalielewa vibaya kabisa. Nilidhani ananiomba nimsaidie.

"Nitarudi," akasema. Na kwa kuwa Daktari Marta alikuwa anamwangalia, akaongeza kwa Kihispania, "Volveré."

"Inshallah," nikasema mimi kutoka ukutani, kwa sauti ya mtoto anayesubiri tende.

Kalamu ya karani ilisimama. Mwenyekiti akageuka pole pole. "Mtoto, mbona unamharibia dada yako?"

"Simharibii, shikamoo," nikajibu. Nilikuwa nimesahau kumwamkia, na niliona ni vizuri nianze na hapo. "Asipofungiwa hilo neno hatarudi. Atakuwa kama Ami Nassor."

"Marahaba. Ami Nassor ni nani?"

Sikuhitaji kumtazama Zuwena kujua nimefanya nini. Niliisikia pumzi yake. Lakini mtu mzima mwenye miwani alikuwa ameniuliza, na mimi nilifunzwa kujibu wakubwa. Nikasema ni mdogo wake Baba, aliyekwenda Maskati akasema atarudi baada ya Idi, akasahau inshallah, ndiyo maana mpaka leo hajarudi. Nilisema yote kwa ufasaha. Sijawahi kuzungumza vizuri hivyo tena mbele ya kamati yoyote.

Daktari Marta akaegemea mbele na kumuuliza Zuwena jambo kwa lugha yao. "Anauliza mtoto kasema nini," Zuwena akafasiri, akimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akakunja mikono. "Mwambie, basi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Katika chumba kile, kwa jinsi nilivyoamini, watu wawili tu walijua Kihispania, na dada yangu angeweza kumwambia daktari lolote: kwamba nina njaa, kwamba nimetaja paka. Zuwena alimgeukia daktari. Akaanza kusema, taratibu, na ndani ya maneno yake nilisikia tío, yaani ami, nikasikia Maskati, nikasikia volver ikiwa na mkia nisioujua, volvió, wa wakati uliopita, mkia mfupi uliokatika ghafla. Mwisho akasema tena volveré, mkono wake ukiwa juu ya kitambaa cha kijani.

"Umemwambia yote?" mwenyekiti akauliza.

Aliyejibu ni Daktari Marta, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Yote. Ami kwenda, ami hapana rudi. Mimi nafahamu mtoto kwanza. Nataka kusikia kama yeye sema kweli."

Mwenyekiti alivaa miwani yake. Alimtazama Zuwena kwa muda, kisha mimi, kisha akasema tungejulishwa, tunaweza kwenda.

Nyumbani Bibi alikuwa ameketi na kopo la tende mapajani. "Alisema?" akaniuliza, hata sijavua viatu. Nikamwambia hakusema, nilimsemea mimi. Akafungua kopo. Nikaendelea, kwa sababu nilidhani sehemu inayofuata ni nzuri zaidi, nikamwambia nilivyowaeleza habari za Ami Nassor. Mkono wake ukabaki ndani ya kopo. "Mmemtaja mwanangu ofisini," akasema. Akaliweka kopo sakafuni, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Siku zilizofuata sitamani mtoto yeyote azipitie. Bibi alitoka kwa udhu na chakula tu, na hakumsemesha mtu. Baba aliacha kula mezani, na kila baiskeli iliposimama nje aliinua kichwa, akidhani wamekuja kumuuliza kuhusu ndugu yake. Mama alinipiga, kisha akalia kuliko mimi. Zuwena hakunigombeza hata mara moja, na hilo lilinichoma zaidi ya kofi. Alitwanga kahawa kimya, mchi unapanda na kushuka bila neno ndani yake, nami nilikaa pembeni nikilisubiri volveré lianze. Halikuanza. Nilijiona nimemuua dada yangu akiwa hai.

Habari aliileta Daktari Marta mwenyewe, kwa miguu, jua likiwa kali, na jasho limeloanisha kola yake. Zuwena amepata nafasi. Baba alimshukuru mpaka akachanganya lugha. Halafu sote, kama tulioambizana, tukaugeukia mlango wa chumba cha Bibi. Ulikuwa umefungwa. Alikuwa amesikia kila kitu, na hakutoka.

Hakutoka hata tulipoanza kufunga mizigo. Mama alikwenda kumsihi akarudi akitikisa kichwa. Baba alikaa nje ya mlango ule alasiri nzima, mtu mzima mwenye mvi, akizungumza na mbao. Tiketi ya treni ilikuwa imeshapatikana na bado hatukujua kama itatumika, maana Zuwena alisema wazi kwamba hataondoka akiwa hana radhi. Alilisema bila kulia. Alikuwa ameshakunja lile gauni alilolishona kwa ajili ya safari, na nilimwona akilikunjua na kulikunja tena.

Wanaotufahamu wanajua kwamba alirudi, na wengine wenu mmezaliwa mikononi mwake. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua lolote. Mkokoteni wa mizigo ulikuwa umetangulia stesheni, sisi tumesimama ukumbini tukiangalia sakafu, ndipo komeo la Bibi likalia.

Alitoka na msahafu, ameufunga kwa kitambaa cheupe. Kwetu msafiri hupita chini yake akivuka kizingiti. Bibi akaenda mpaka kwenye ule mlango mzito, akauinua msahafu juu kwa mikono miwili, mikono myembamba kama ya mtoto. Zuwena akamsogelea, akapiga goti, akabusu mguu wake. Alijua anachotakiwa kusema, na safari hii hapakuwa na kamati.

"Nitarudi, Bibi," akaanza. "In..."

"Nyamaza," Bibi akasema.

Tulidhani amemkataa. Mama akashika kifua.

"Nassor alilisema," Bibi akasema. Hakuangalia mtu, aliangalia barabara. "Alisimama hapo ulipo. Akasema, nitarudi baada ya Idi, Mama, inshallah. Alilisema lote, vizuri, kama nilivyomfundisha."

"Mama," Baba akasema, "ulituambia alisahau."

"Wewe ulikuwa umetangulia na mizigo. Hukumsikia. Nimewaambia alisahau kwa sababu nilitaka liwe kosa la ulimi wake." Akauinua msahafu zaidi. "Sikutaka liwe la moyo wake."

Mimi niliogopa kama sijawahi kuogopa, kwa kuwa kama Ami Nassor alilisema na bado hakurudi, basi hapakuwa na kitu chochote duniani cha kumfungia dada yangu. Nilitaka nimkamate gauni.

"Usiniahidi, Zuwena," Bibi akasema. "Mimi radhi nimekupa, na nimekupa bila sharti. Ukirudi, umerudi. Pita, mjukuu wangu, treni haingoji."

Zuwena akainama, akapita chini ya msahafu, akashuka ngazi. Baba akamfuata, kisha Mama, akinivuta mkono. Nilipogeuka nyuma Bibi alikuwa bado amesimama kizingitini, msahafu uko juu. Baba akarudi hatua chache.

"Mama, teremsha mikono," akamwambia kwa upole. "Ameshapita."

"Najua," Bibi akasema. Hakuiteremsha.